Mbona galeri za Nairobi zinakwepa michoro ya uhalisia? Na mwenye elfu 40 aanzie wapi?

#1 MwanaNgara
Wadau salama. Mimi ni mhasibu, sanaa sijasomea, lakini Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye maonyesho. Napenda mchoro ambao nikiuangalia naona mtu ninayemjua, mama amekaa kando ya gunia la sukuma, makanga ananing'inia mlangoni, maji ya mvua yamesimama Gikomba na watu wamekunja suruali. Mkono uwe mkono, jicho liwe jicho. Sasa nikienda galeri kubwa nakuta sehemu kubwa ni vichwa bila macho, rangi juu ya rangi, vipande vya magazeti vimebandikwa. Nikirudi nyumbani nafungua Instagram naona vijana wa hapa hapa Nairobi wanachora uso mpaka unaona jasho kwenye paji, na hawa sijawahi kuwakuta kwenye ukuta wa galeri. Je, naenda siku mbaya au galeri zinakwepa uhalisia makusudi? Swali la pili, nina kama elfu 40 ya kuanzia, ninunue wapi na niangalie nini?

#2 Kasuku_SouthB
Mkuu angalia nani ananunua. Nenda siku ya ufunguzi uangalie magari yaliyopaki nje, namba nyekundu za ubalozi zimejaa, wengine wa UN Gigiri, wengine mashirika. Huyo mtu akimaliza mkataba wake anataka kitu cha kubeba ambacho kule kwao kitaitwa sanaa ya kisasa ya Afrika. Mama wa sukuma aliyechorwa vizuri anamuona kama picha ya kuuzia watalii. Galeri ni biashara, inafuata mkoba ulipo.

#3 NyarRosslyn
Kasuku hiyo ilikuwa na uzito zamani, siku hizi Wakenya wananunua na wananunua kwa pesa nzuri, mawakili, madaktari, watu wa benki. Na MwanaNgara mimi sikubali kwamba uhalisia haupo. Patrick Mukabi amechora akina mama wa sokoni miaka na mikaka, wakubwa, wamejaa kanvasi nzima na leso zao. Peterson Kamwathi ana michoro ya mkaa mikubwa kama mlango, watu wamesimama makundi makundi, mwili wa binadamu ameusoma vizuri kabisa. Joseph Bertiers alianza na mabango ya baa na maduka, kila sura kwenye picha zake utaijua. Timothy Brooke na mandhari zake utazikuta galeri ya One Off kule Rosslyn. Hawa wote wamepita galeri tena zile kubwa. Nadhani wewe unatafuta aina moja tu, ile inayofanana na picha ya simu.

#4 MwanaNgara
@NyarRosslyn asante dada. Bertiers namkubali sana. Lakini hao uliowataja ni watu wa miaka mingi kwenye hii kazi. Kijana wa miaka 24 anayechora hivyo yuko ukuta gani?

#5 MkaaNaKaratasi
Yuko kwenye sebule za watu, acha nikueleze maana mimi ni mmoja wao. Nachora uso kwa penseli na mkaa, karatasi kubwa, moja inanila wiki kadhaa nikiwa sifanyi kitu kingine. Galeri ikinipa ukuta wa peke yangu inataka kazi 15 au 20 zenye wazo moja. Piga hesabu wewe mhasibu, hiyo ni zaidi ya mwaka mzima nachora bila mtu kunilipa, kodi inaningoja, halafu kazi ikiuzwa galeri inachukua asilimia 30, nyingine 40, nyingine nusu. Sisemi wanaiba, wanalipa ukuta na taa na mvinyo na wanaleta watu ambao mimi siwezi kuwapata. Lakini jirani yangu wa studio anayechora kwa brashi pana anamaliza kanvasi tatu nikiwa bado niko kwenye nyusi, na bei zetu zinakaribiana.
Sasa upande mwingine mteja ananitumia picha ya mamake marehemu kwa WhatsApp, ananitumia nusu ya pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, nikimaliza anamalizia. Utachagua nini? Ndio maana kazi zangu nzuri zaidi ziko Ruiru na Kitengela na Syokimau juu ya makochi ya watu, na hakuna mtu wa galeri atakayeziona.

#6 Kasuku_SouthB
Hapo @MkaaNaKaratasi umesema kitu cha maana ila bado umerudi kwangu, ni soko.

#7 MzeeWaMonrovia
Vijana mnasahau historia. Ladha ya Nairobi ilitengenezwa na watu. Gallery Watatu ilianzishwa 1969 na wasanii watatu, Jony Waite, Robin Anderson na David Hart. Miaka ya 80 ikaingia mikononi mwa Ruth Schaffner, na huyo mama alikuwa na jicho lake, alipenda wasanii waliojifunza wenyewe bila chuo. Akina Sane Wadu, Wanyu Brush, Jak Katarikawe kutoka Uganda. Walikuwa na nguvu na ndoto nyingi kwenye kanvasi, hawakujali kivuli kiangukie wapi. Wakauza hadi Ulaya. Schaffner alifariki 1996 lakini njia ilikuwa imeshachimbwa, mnunuzi akija Nairobi anatafuta ule mkono. Mchoraji aliyefundishwa kuchora mifupa na misuli akaonekana kama fundi. Na Watatu ndiyo galeri ya kwanza iliyowapa Waafrika ukuta mjini hapa, ilikuwa na sauti kubwa.

#8 Chemchemi63
Mzee shikamoo, ila hapo mwisho sikubaliani. Paa ya Paa ya Elimo Njau na wenzake ilianza 1965, miaka minne kabla ya Watatu. Na kabla ya hapo kulikuwa na Kituo cha Chemchemi kilichoanzishwa na mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele 1963 na Njau huyo huyo ndiye alisimamia upande wa sanaa. Paa ya Paa iliungua 1997, kazi nyingi sana zikateketea, labda ndio maana watu wanaihesabu Watatu peke yake.

#9 MzeeWaMonrovia
Marahaba. Chemchemi uko sawa kwa miaka hiyo. Ninachoshikilia ni kwamba aliyeamua bei na ladha ni Watatu, Paa ya Paa ilikuwa zaidi mahali pa kukutana na kufundishana.

#10 Mtu_wa_Mikocheni
Ndugu zetu wa Nairobi mnagombania nani alitangulia na Njau mwenyewe ni wetu, amezaliwa Tanganyika 😄 Michoro yake ya ukutani kwenye kanisa la Murang'a tunawaazima tu.

#11 NyarRosslyn
Mikocheni tumeshamkuza na kumlisha, hatumrudishi 😄 Lakini umetaja kitu kizuri, ile ya Murang'a ni maisha ya Yesu yamewekwa kwenye milima na migomba ya Kikuyu, ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 50 na watu wake wanajulikana ni watu. Uhalisia wa namna yake.

#12 Tichaa_Embakasi
Mimi nafundisha na naona mnaruka chanzo. Mkono wa kuchora unaanza utotoni. Wakati mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 sanaa na kazi za mikono zilikuwa somo la mtihani darasa la nane, tulifinyanga, tulisuka, tulichora chungu na kivuli chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatolewa kwenye mtihani, na mnajua shule zetu, kisicho kwenye mtihani hakifundishwi, kipindi kikageuzwa hesabu. Sekondari ilibaki somo la kuchagua na shule nyingi hazina mwalimu wake. Kwa hiyo kizazi kizima kimefika studio bila kuchora kutoka kwa kitu kilicho mbele yake. Wanaoweza wamejifunza kwa YouTube, wamejua kunakili picha vizuri sana lakini ukimkalisha mtu hai mbele yao anayetikisika wanakwama. Mtaala mpya umeirudisha sanaa, tuone watoto hawa wakifika miaka 20.

#13 Githurai_Brashi
Mwalimu kuna Kenyatta University, kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna chuo cha sanaa cha BIFA Buruburu, wanafundisha kuchora mtu. Hao wanafunzi wanaenda wapi?

#14 Tichaa_Embakasi
Matangazo, katuni, kufundisha, ubunifu wa ndani ya nyumba. Palipo na mshahara.

#15 Kiptoo_Lensi
Mimi ni mpiga picha na nasema lile ambalo galeri hawatawaambia kwa sauti. Kazi nyingi za penseli mnazozisifu ni nakala ya picha ya mtu mwingine. Nimewahi kukuta uso wa mzee niliyempiga picha Turkana umechorwa na kuuzwa, hata salamu sikupata. Kwa nini galeri iweke ukutani kitu ambacho wazo lake, mwanga wake, na jinsi mzee alivyogeuza shingo vyote ni vya mpiga picha? Elimo Njau mnayemtaja ana kauli yake maarufu kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

#16 MkaaNaKaratasi
@Kiptoo_Lensi pole kwa hilo la mzee, aliyefanya hivyo alikosea na sitamtetea. Lakini usitufunge wote kamba moja. Mimi wateja wananipa picha zao, na kazi zangu mwenyewe napiga picha mwenyewe, naenda na mtu naongea naye kwanza. Na kutumia picha si dhambi, kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 60 wachoraji akina Chuck Close na Richard Estes walichora kutoka kwa picha waziwazi na makumbusho makubwa yanazo kazi zao. Swali ni umeongeza nini. Mimi nikichora uso napunguza vitu, naacha sikio liwe kivuli tu ili macho yakushike, kamera haichagui hivyo.

#17 Kiptoo_Lensi
Kamera haichagui, anayeishika anachagua kaka. Lakini nimekuelewa.

#18 Wakili_Upperhill
Kisheria niwasaidie kidogo. Ukinunua mchoro unamiliki kile kitu, hakimiliki inabaki kwa msanii mpaka miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo huwezi kuuchapisha kwenye fulana au kalenda ya kampuni bila ruhusa. LAKINI kazi ya kuagiza ni tofauti, sheria yetu inachukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hiyo @MkaaNaKaratasi weka karatasi kabla ya kupokea ile nusu ya M-Pesa. Na tangu marekebisho ya 2019 kuna haki ya msanii kupata asilimia 5 ya bei kazi yake ikiuzwa tena kibiashara, mfano kwenye mnada.

#19 MkaaNaKaratasi
Wakili hiyo ya kuagiza sikuijua kabisa na naona wengi hapa hawaijui. Asante sana.

#20 Wambui_wa_Makumbusho
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyetaja Joy Adamson. Kabla ya kujulikana kwa simba Elsa aliyemlea, huyu mama alilipwa na serikali ya kikoloni kuzunguka nchi akichora watu wa kila kabila na mapambo yao, mwishoni mwa miaka ya 40 na kuendelea, na picha hizo zimekuwa Makumbusho ya Taifa miaka mingi. Zimechorwa kwa makini sana, kila shanga imehesabiwa. Sasa fikiria wewe ni msanii wa Kenya huru, uhalisia unaoujua ni huo, mtu amesimamishwa kama sampuli na chini yake jina la kabila. Mimi naona wasanii wengi walioukimbia uhalisia walikuwa wanaikimbia hiyo, hawakushindwa kuchora pua. Nikiwatazama akina mama wa Mukabi naona amewarudishia mwili na maringo yao, hawajasimamishwa na mtu.

#21 Kasuku_SouthB
Hii ya Adamson sijawahi kuifikiria.

#22 MzeeWaMonrovia
Wambui ni nzuri lakini Sane Wadu hakuwa anamkimbia Adamson, alikuwa mwalimu wa shule akaacha kazi akachora anavyoona. Usimpe kila mtu sababu ya kisiasa.

#23 Wambui_wa_Makumbusho
Mzee mtu anaweza kukimbia kitu bila kukitaja. Lakini tuendelee.

#24 MwanaNgara
Nimepata elimu hapa kuliko nilivyotarajia. Sasa mnisaidie na elfu 40 zangu tafadhali. Kuna galeri moja niliingia nikauliza bei nikaambiwa wataniletea orodha, sikuletewa mpaka nikaondoka. Niliona nimeangaliwa viatu.

#25 NyarRosslyn
Pole, usikubali hiyo ikufukuze. Orodha ya bei huwa ipo mezani au kwa simu ya anayehudumu, uliza tena bila aibu, ni duka kama duka lingine. Njia yangu mimi ni hii: jiandikishe kwa barua pepe za galeri, Circle Art pale James Gichuru, One Off, Red Hill kule njia ya Limuru, Banana Hill, halafu fuata Alliance Française na Goethe mjini maana kuingia ni bure na vijana wanapata ukuta huko kabla galeri kubwa hazijawaona. Taasisi ya sanaa ya NCAI, ya mchoraji wetu Michael Armitage, pale Rosslyn Riviera hawauzi ila nenda ukafundishe jicho, 2022 walileta kazi za Sane Wadu za miaka mingi pamoja ndipo nikamuelewa. Maonyesho mengi hukaa wiki chache tu, usingoje wiki ya mwisho maana nzuri zimeshabandikwa kidoti chekundu cha kuonyesha zimeuzwa. Na angalia ile Affordable Art Show ya Kenya Museum Society, bei zina kikomo, elfu 40 yako inakaa vizuri kabisa pale.

#26 Githurai_Brashi
Ongeza studio. Kuna inayoitwa Kuona, kuna Brush Tu Buruburu, Wajukuu Mukuru (walialikwa maonyesho makubwa ya Documenta kule Kassel, Ujerumani 2022), Maasai Mbili Kibera, Dust Depo ya Mukabi. Piga simu kwanza, fika, kaa, uone msanii anafanya nini. Ukinunua studio usibomoe bei kwa sababu hakuna galeri katikati, msanii mwaminifu huuza bei ile ile, akikupa nusu bei leo galeri yake itamwacha kesho.

#27 Pesa_Tulivu
Na kama uwekezaji? Nilisoma mchoro wa Armitage uliuzwa New York 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Nani atakuwa yeye wa kesho, tuambieni tununue mapema.

#28 NyarRosslyn
Pesa_Tulivu, Armitage alisoma vyuo vya sanaa vya Slade na Royal Academy London na ana galeri kubwa za nje nyuma yake, usichukue huyo ukampimia kila mtu. Hapa nyumbani mnada wa Circle ulianza Novemba 2013 na ni karibu mlango pekee wa kuuza tena kwa uwazi, wanapokea kazi chache zilizochaguliwa. Mchoro ulionunua 40 unaweza kukaa miaka 20 bila mtu kuuliza. Nunua utakayoweza kuishi nayo chumba kimoja.

#29 Pesa_Tulivu
Lakini Joseph Murumbi, yule makamu wa rais wa zamani, alinunua mapema na leo mkusanyo wake una jengo zima pale Nairobi Gallery.

#30 Chemchemi63
Murumbi alikusanya kwa mapenzi, vitabu, stempu, nguo, vinyago, na vingi vikaishia kwa serikali ili visitoke nchini. Pita pia Kumbukumbu za Taifa Moi Avenue, ghorofa ya chini. Ukimaliza kuzunguka pale uniambie kama uliona mtu aliyekuwa anahesabu faida.

#31 FundiFremu_Ngara
Mnazungumza bei na hakuna aliyeuliza mchoro utadumu vipi. Mimi natengeneza fremu miaka mingi hapa Ngara na naona uchungu watu wakiniletea kazi zimeshaoza. MwanaNgara ukitaka penseli au mkaa muulize msanii karatasi gani. Karatasi ya manila na zile za bei rahisi zina asidi, baada ya miaka michache zinageuka rangi ya chai na kuzirudisha ni kazi ngumu. Karatasi ya pamba nzito gramu 300 inadumu kukushinda. Mkaa lazima upuliziwe dawa ya kushikilia au utakuta umehamia kwenye kioo. Kioo kisiguse karatasi kamwe, weka kadi nene isiyo na asidi pembeni iachanishe. Nyuma usikubali fundi aweke hadibodi moja kwa moja na selotepu, selotepu ni adui, inaacha doa la kahawia linalopenya mbele. Rangi ya mafuta kwenye kanvasi uulize imekauka lini, juu inaonekana kavu lakini chini bado, vanishi ya mwisho husubiri miezi sita hadi mwaka. Akriliki haina shida hiyo. Na usiitundike mkabala na dirisha la jua la saa nane, rangi nyekundu za bei rahisi huenda kwanza.

#32 Bi_Kizingo
Fundi na sisi wa Mombasa je? Nilinunua Nairobi mchoro wa mkaa mzuri wa mvuvi, mwaka haujaisha vidoti vya kuvu vimejaa kwenye shati lake.

#33 FundiFremu_Ngara
Pole bibie. Pwani karatasi inakunywa hewa. Itolewe kwenye fremu ikaushwe polepole mahali penye upepo bila jua, usisugue vile vidoti wala usipake kitu, mkaa utatoka nao, tafuta mtu wa kuhifadhi kazi za karatasi, anza kwa kuuliza makumbusho. Ukiirudisha, nyuma iwe na nafasi ya hewa na fremu isikae kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, weka vipande vidogo vya kizibo cha chupa ya mvinyo kwenye pembe nne iachane na ukuta. Kama chumba kina AC iwashwe mfululizo au izimwe kabisa, kuwasha na kuzima ndiko kunakoleta unyevu.

#34 Githurai_Brashi
Swali kwa Fundi, kanvasi inayouzwa imeshavutwa tayari na ile ya roli tunayovuta wenyewe, unaona tofauti gani zikifika kwako?

#35 FundiFremu_Ngara
Nyingi za tayari mbao zake hazijakauka, zinapinda pembe moja inainuka ukutani. Ukivuta mwenyewe tumia mbao kavu na uache vipande vya kukazia pembeni, ikilegea msimu wa mvua unagonga kidogo inarudi. Leta yako nikuonyeshe.